Je, yoga inagongana na imani yangu?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo Mkristo anayefanya yoga kwa sababu ya maumivu ya mgongo anashiriki ibada ya Kihindu bila kujua. Mizizi ya Kihindu ipo, na anayekuambia kwamba yoga ni mazoezi ya viungo tu amekupa nusu ya habari. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lenye maana ya kuunganisha au kufunga nira, na katika Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga kinachohusishwa na mwalimu Patanjali, mikao ya mwili ni hatua ya tatu tu kati ya nane, ambazo kilele chake ni samadhi, yaani nafsi kuzama kabisa katika tafakuri.

Waraka wa Vatikani wa mwaka 1989, uliotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ulitahadharisha juu ya kuchanganya njia za tafakuri kama yoga na sala ya Kikristo, ila haukuzikataa zote. Hata Waislamu wametofautiana: baraza la fatwa la Malaysia lilikataza mwaka 2008 yoga yenye mantra (maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa) na ibada, ilhali Saudi Arabia iliitambua kama mchezo mwaka 2017.

Mimi ningelichunguza darasa lenyewe. Kupiga magoti na kuunyoosha mgongo ni jambo moja. Kutamka jina la mungu usiyemwabudu ni jingine. Ukisitasita kuhusu Surya Namaskar, ambayo maana yake ni kulisalimu jua, mwombe mwalimu akupe zoezi jingine. Aliye muungwana hataudhika.