Binti kapangiwa JKT Makutupora, abebe nini?

Dada yangu wa Kizota, kwa vile binti kamaliza form six na jina limetoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kambi ya Makutupora ya hapo Dodoma, hapo ni mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima kwa waliomaliza form six. Mpango huu ulisimama 1994 ukarudi 2013, na siku hizi ni miezi mitatu hivi. Wanagawanywa kwenye kombania (makundi ya kijeshi), alfajiri mchakamchaka halafu kwata (gwaride), baadaye shamba na masomo ya uzalendo.

Bukta ndo inasumbuaga watu, iwe ya bluu iliyokoza, mpira kiunoni, bila zipu, ifike magotini, mpeleke kwa fundi mapema. Asisahau shuka, vyeti halisi na nauli ya kurudi, na sweta jamani, Juni na Julai baridi la Dodoma usiku sio mchezo. Kama ana pumu aseme siku ya kuripoti, asifiche kabisa.