Kabla ya kukata tiketi ya Mwanza: rundo la gugumaji mtalipeleka wapi?

Mkuu, kikundi chenu cha hapa Dar kinakwenda kujitolea kung'oa gugumaji Ziwa Victoria, unauliza glovu, malazi na kama wikendi moja inatosha. Halafu katikati umechomeka "tutayarundika ufukweni yakauke". Nani kawaambia hivyo?

Maana hata sisi tuliambiwa. Tulichangishana, tukapanda basi pale Mbezi, tukafika tukakodi mtumbwi wa injini na mafuta juu. Mratibu wetu, kijana wa kikoti cha reflekta na maneno mengi, akasema tusitupe hela kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, jua litamaliza kazi. Jua gani? Gugumaji zaidi ya asilimia 90 ni maji. Juu linakauka, ukifukua chini bichi kabisa. Usiku mvua ikapiga, mawimbi yakapanda, asubuhi karibu nusu ya rundo liko ziwani linaelea kwa raha zake. Mratibu ameshapata picha zake, simu haipatikani.

Na mapanga! Alituamuru tuyakatekate ili yabebeke. Kila kipande chenye shina kinachipua kivyake, na penye rutuba gugumaji huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Yaani tulisafiri kutoka Dar kwenda kupanda. Wavuvi hawakutucheka usoni, niwape sifa hiyo. Kirikuu tukakodi hatimaye, kwa bei anayopewa mtu aliyekwama.

Kwa hiyo kabla hamjagusa hata jani, gari liwe limesimama pale. Mzigo upelekwe juu siku hiyohiyo, kusikofikiwa na maji hata msimu wa mvua. Gari likikosekana, siku hiyo msing'oe, pigeni stori na wenyeji. Ng'oeni mmea mzima na mizizi yake.

Na asiwepo wa kubeba mche "kwa ajili ya bustani" kwa sababu ua ni zuri. Kwao Amerika Kusini, na uzuri huohuo ndio uliolitembeza duniani.

Buti za mpira vaeni, kichocho kipo. Wikendi haitoshi, mbegu hukaa kwenye tope hata miaka 15. Malazi waulize wenyeji, mimi unijibu kwanza: kirikuu mmeshaongea na nani, na anamwaga wapi?