Mtoto haachi fujo na ana woga, atakuja kuwa mkorofi?
Dada pole, ila kijana wako wa miaka 7 kutotulia darasani na kuwa mwoga haimaanishi atakuja kuwa mkorofi ukubwani. Kule Dunedin, Nyuzilandi walifuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 mpaka wakawa watu wazima, wale ambao ukorofi haukuwaacha, wengi wao walikuwa na shida ya umakini tangu wadogo, lakini wengi zaidi walisumbua tu ujanani wakaacha. Na woga nao unajificha, ticha anaona jeuri kumbe dogo anaogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, Jumatatu asubuhi tumbo linauma. Usimchape jamani, fimbo inamwongezea woga na hasira. Mtume kitu kimoja kimoja, na mpeleke kwa daktari wampime umakini na woga mapema.