Jibu: Rubani anaishiwaje na mafuta angani?

Ndugu, umeuliza inakuwaje rubani mwenye leseni aishiwe na mafuta angani ilhali geji iko mbele ya macho yake. Shida inaanzia kwenye geji hiyohiyo. Katika ndege nyingi ndogo, ndani ya tangi la bawani kuna boya linalopanda na kushuka pamoja na mafuta, nalo ndilo linalosogeza mshale wa geji. Ndege ikiyumba, mafuta yanahamia upande mmoja na mshale unacheza. Ndiyo maana rubani makini hupanda kwenye bawa kabla ya safari, akafungua kifuniko, akachovya kijiti na kutazama unyevu umeishia alama ipi. Dakika mbili tu! Anayetegemea "nilijaza jana" anahatarisha roho za watu.

Halafu kuna upepo wa mbele. Ndege ya kilomita 200 kwa saa ikikutana na upepo wa 40, safari ya saa 3 inakuwa saa 3 na dakika 45, na injini inakunywa vilevile. Kanuni za Marekani zinataka akiba ya dakika 30 mchana kwa rubani anayeruka kwa kuona, yaani kwa kutazama nje kwa macho badala ya kutegemea vyombo. Hapo imeshaliwa yote.

Zinazoniuma zaidi ni zile ajali ambazo tangi moja limekauka, la pili lina mafuta, na koki ya kuchagua tangi haikugeuzwa.

Injini ikizima, ndege haidondoki kama jiwe. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, huteleza hewani takriban kilomita 2.5 kwa kila mita 300 za kimo, mradi rubani asiinue pua akapoteza mwendo.