Jibu: Miaka 26, nina kazi, bado naishi kwa wazazi

Mkuu, umeuliza kama ni aibu kukaa kwenu Tabata ukiwa na miaka 26 na ajira, na umfanyeje mama anayekupigia simu kila ikifika saa tatu usiku.

Aibu ya nini? Angalia mshahara wako kwanza. Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mkopo wa chuo, NSSF 10% ya pensheni, bado kodi ya mapato. Hicho kinachobaki ndicho mwenye nyumba wa Dar anataka umpe kwa mkupuo, miezi sita mbele, na dalali naye anasubiri chake. Kaa nyumbani, jipange.

Ila usikae kama mgeni. Nunua umeme wa LUKU bila kuombwa, si wewe unayepiga pasi kila asubuhi? Kisha chukua kitu kimoja kizima kiwe juu yako, gesi au mchele wa mwezi, badala ya kumwachia mama elfu tano tano ambazo hata hazionekani. Mzee akiona mtungi umejaa hatakusema mbele ya wageni. (Atakusema, lakini kwa sauti ya chini.)

Hilo la simu, mwahi wewe. "Shikamoo mama, leo nachelewa, ufunguo ninao, chakula changu kifunikeni." Mama wengi hawachungi mtu, wanashindwa tu kulala geti halijafungwa. Na usimjibu kwa ukali mbele ya wadogo zako, hapo utamkosa hata mzee.

Siku ukipata chumba, muage baba kabla hujalipa kodi, asije akasikia kwa majirani.