Mtoto kumkimbia baba aliyerudi kutoka ulinzi wa amani

Dada, umeuliza kama ni kawaida mtoto wa miaka miwili kumkimbia baba yake aliyerudi kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kawaida kabisa, wala hajarogwa kama anavyosema mama mkwe (mjibu kwa adabu lakini). Umri huo mtoto anamjua anayemlisha na kumuogesha. Baba alikuwa sura ya kwenye simu, tena ya kukatika-katika.

Usimlazimishe kupakatwa. Baba akae mkekani, amenye embe zake, mtoto atasogea mwenyewe. Wangu alianza kwa kuvuta kamba za buti, mara kaingiza miguu yote miwili ndani ya buti moja, kutoka hataki! Halafu mpe baba kazi moja ya kila siku ambayo wewe huigusi, kama uji wa asubuhi. Ataliliwa, avumilie.

Akirudi kazini, kumbukeni Bangui, mji mkuu wa huko Afrika ya Kati, wako nyuma yetu kwa saa mbili. Akipiga saa kumi na mbili jioni yake, huku ni saa mbili usiku na mtoto keshalala. Bora apige mchana wa mapumziko. Na aage mtoto akiwa macho, asitoroke alfajiri. Akitoroka, ndipo mtoto anapokuganda wewe hata chooni.

Na kuhusu mpango wa kuhamia Pemba ulioutaja: kadi ya kliniki iweke kwenye mkoba wako, usiifungie kwenye mizigo ya meli.