Simu, Mbuzi na Mamilioni: Maswali Yenu Kuhusu Vifungo

Barua za wiki hii karibu zote zina donge moja: mbona huyu kafungwa vile, na yule kaachiliwa hivi?

Vijana wawili wa mtaani kwetu waliiba simu. Mmoja alimchomolea abiria kwenye matatu, akapata miezi minane. Mwingine alikuwa na mwenzake wakiwa na panga, kahukumiwa kunyongwa. Si simu ni simu? (Mama, Kisauni)

Simu ni simu, mama, ila sheria inaangalia ilivyochukuliwa. Wizi wa kawaida kikomo chake ni miaka 3, ila kumchomolea mtu kitu mwilini kunaweza kufika 14. Ukimtisha mtu au kumpiga ili umwibie, nako unafika miaka 14. Na ukifanya hivyo ukiwa na silaha, au na mwenzako, au ukamjeruhi, basi ni wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Moja tu kati ya hayo matatu latosha. Huyo wako alikuwa nayo mawili.

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na marais wamewabadilishia wafungwa kifo kikawa maisha: Kibaki mwaka 2009, Uhuru mwaka 2016. Kwa hiyo kijana huyo hasubiri kitanzi, anasubiri kuzeekea ndani.

Kinachonikwaza ni hiki. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kutoa kifo kwa aliyeua, amsikilize kwanza. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Nimeona kovu la panga kwenye mkono wa fundi aliyekuwa akirudi nyumbani Mlaleo, kidole kimoja hakikunji mpaka leo, kwa hivyo wenye panga siwatetei. Lakini muuaji apewe nafasi ya kujieleza kuhusu adhabu yake na mwizi anyimwe? Bunge lingeshaliangalia hilo zamani.

Na wanaokula mamilioni ya umma je? Wao hulipa faini wakaenda zao. (Msomaji, Majengo)

Kwenye karatasi wamebanwa. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 inatoa hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote. Tena kama mtu alifaidika au umma ulipata hasara, kuna faini ya pili ya lazima, mara mbili ya kiasi hicho. Si mchezo.

Sasa nikwambie nilichokiona. Kijana alipewa faini ya shilingi 20,000 au miezi 6. Mamake akafungua fundo la leso pale kwenye benchi, akahesabu noti za mia na hamsini, zikafika elfu sita na kitu. Karani akamwambia hata hizo hapokei mkononi, zilipwe kwa simu. Yule mama akatoka nje mbio kutafuta wakala, akarudi, akakaa. Zilizobaki hakuwa nazo. Kijana akapanda lori la magereza.

Neno "au" kwa tajiri ni mlango, kwa maskini ni ukuta. Hakimu anaweza kumpa muda wa kulipa, au kumpeleka kwenye huduma kwa jamii, maana sheria ya 1998 inaruhusu kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Ombeni! Wengi hunyamaza kizimbani kwa woga.

Kweli kuiba mbuzi kuna miaka mingi ya kifungo kuliko kuiba simu? (Kijana, Changamwe)

Kweli, mbuzi ni 14, na wizi wa kawaida wa simu ni 3. Ni kikomo, hakimu halazimiki kukifikisha. Sheria hiyo imetoka enzi za mkoloni, wakati mali ya mtu ilikuwa zizini. Leo akiba ya mama mboga wa Kongowea imo ndani ya simu, ila sheria bado inamwona mbuzi.

Mwizi Mwislamu anaweza kuhukumiwa kwa kadhi? (Msomaji, Mji wa Kale)

La. Katiba, kifungu cha 170, imempa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Jinai haimo.

Binti wa miaka 13 alinajisiwa na jirani. Wazee wamekaa, familia imepewa pesa, kesi iondolewe. Yawezekana? (Shangazi, Likoni)

Haiwezekani, shangazi, na wala isiwezekane. Kuisimamisha kesi ya namna hiyo ni uamuzi wa mkurugenzi wa mashtaka, si wa baba wala mzee wa mtaa. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo ni maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 na 17, si chini ya 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema viwango hivyo vinabaki hadi Bunge livibadilishe.

Hapo kwa 16 na 17 nakiri moyo wangu unasita, kijana wa miaka 19 anapofungwa 15 kwa mpenzi wake wa darasani. Lakini la binti yenu si hilo. Nenda na binti hospitali na polisi, kama hamjaenda. Pesa za maslaha, yaani mapatano ya wazee, hazimtibu.

Kaka yangu alikaa rumande Shimo la Tewa miaka miwili kabla ya hukumu ya miaka mitano. Ile miwili imepotea? (Dada, Mtwapa)

Haijapotea. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamtaka hakimu aihesabu. Tatizo huwa hukumu haikutaja tarehe ya kuanza, gereza likahesabu kuanzia siku aliyohukumiwa. Pateni nakala ya hukumu, msome mstari wa mwisho. Kama tarehe ya kukamatwa haipo, ombeni Mahakama Kuu irekebishe. Rufaa kamili ina siku 14, lakini zikipita anaweza kuomba aongezewe muda, na fomu zipo hapohapo gerezani.